Mwanga Usioonekana Juu ya Kiriri

Siku ya kwanza ya kustaafu kwangu mvua ilinyesha tangu alfajiri, nami nikabaki kitandani nikiisikiliza kama mtu asiyehusika. Miaka yote ya kazi yangu mvua ilikuwa jambo la kikazi. Kwanza ilikuwa inadhoofisha mawimbi ya redio, baadaye ikawa inaziba kabisa njia ya mwanga, na kila wingu lililotoka upande wa milima ya Kongo nililitazama kwa jicho baya. Sasa ni mvua tu. Inapiga bati, inajaza pipa, inanyamaza. Nimeona niandike kabla sijaizoea raha hii, kwa ajili yenu mnaobaki kituoni. Siku ya kuagana mliniuliza mambo mengi kwa pamoja, nami nilikuwa na keki mdomoni.

Neno moja kuhusu lugha. Nitaandika Kiswahili cha vitabuni kadiri nilivyofundishwa, lakini watu nitawaacha waseme kama walivyosema, Kiswahili chetu cha Bujumbura, ambamo "njo" ni "ndiyo", "ao" ni "au" na "juu ya nini" ni "kwa nini". Nikiwasahihisha hawatakuwa wao tena.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Buyenzi. Baba yangu alikuwa na gereji karibu na msikiti, na kabla sijaingia shule ya ufundi nilikuwa nimeshajua kwamba boliti inayokazwa kwa hasira hukatika. Hiyo ndiyo elimu niliyoingia nayo kwenye kituo cha satelaiti, kile cha zamani, chenye dishi kubwa kuliko nyumba yetu. Aliyenipokea alikuwa fundi mkuu, Mzee Anselimu, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo aliivaa hata wakati wa joto kali. Nilitegemea anionyeshe mitambo. Badala yake alinipeleka nyuma ya dishi, akanipa spana, akanionyesha boliti za miguu yake.

"Kaza hizi," akasema.

Nikazijaribu moja moja. "Mzee, zimekazwa tayari."

"Umejua je?"

"Nimesikia kwa mukono."

Akachukua spana yake, akaifuta, akairudisha kwenye sanduku. "Basi twende tukunywe chai." Kumbe mtihani ulikuwa umekwisha. Niliambiwa baadaye kwamba waliotangulia walizikaza zote kwa nguvu ili wampendeze, naye alipata kazi ya kuzirudisha mahali pake.

Kwa msiokuwepo enzi zile: satelaiti yetu ya wakati huo ilikuwa mbali sana, na kwa macho ya dishi ilikuwa kama imesimama mahali pamoja angani. Dishi liliitazama bila kusogea, na simu zote za nje ya nchi zilipita pale kwa mawimbi ya redio. Miaka ya vita watu walipanga foleni mjini ili waongee kidogo tu na ndugu zao waliokimbia, na kila neno lao lilipanda na kushuka kupitia chuma kile. Mzee Anselimu hakulihubiri jambo hilo hata mara moja. Ila mawimbi yalipodhoofika, alikuwa haketi.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuja msimu mmoja ambapo mawimbi yalianza kufifia, wiki baada ya wiki, bila mvua wala wingu. Tulibadilisha kebo. Tulibadilisha kikuza mawimbi. Tuliandikia makao makuu, na makao makuu yakatuandikia sisi. Mwishowe Mzee akapanda ngazi, akaweka sikio kwenye ule mdomo wa chuma unaosimama mbele ya dishi na kuyapokea mawimbi yanayokusanywa. Akashuka polepole kuliko alivyopanda.

"Ni nyuki," akasema. "Wamepata ufa, wameingia na familia yote."

Tukamwita mlina asali kutoka mlimani, akawahamisha kwa moshi na maneno matamu. Asali tuliila. Katika ripoti tuliandika "kizuizi chenye asili ya viumbe hai", na sijawahi kuona ripoti yetu nyingine ikisomwa kwa makini kama ile. Somo nililolichukua ni hili: kabla hujamlaumu aliye angani, chungulia kwanza kilicho mbele ya pua yako.

Kisha waya wa kioo, ule unaopitisha sauti kwa mwanga, ukafika, ukitoka baharini kupitia nchi jirani, na simu zikahamia ardhini. Dishi likabaki makao ya kunguru. Mzee Anselimu akastaafu, akarudi kwake Buyenzi kutengeneza redio za watu. Nami nilidhani nitamfuata. Lakini shirika moja la nje, likishirikiana na watu wa chuo, likaja kutafuta mlima wenye barabara, fundi na umeme. Walipata viwili na nusu. Umeme ndio uliokuwa nusu.

Ndivyo kilivyojengwa kituo chenu mnachokijua, juu kabisa ya majumba ya kilima cha Kiriri, mahali ambapo mji wote unaonekana, kisha bandari, kisha ziwa, kisha Kongo. Mkuu wake alikuwa Injinia Desire, kijana wa Bujumbura aliyesomea mambo ya mwanga ng'ambo. Alikuwa mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, mpole, mwenye haraka ya kufikiri na uzito wa kusema, na hakunywa chai, jambo ambalo nililisamehe baada ya muda mrefu.

Siku ya kwanza alinifungulia kuba, nikaiona darubini ya kupokea mwanga wa satelaiti. Nilikuwa nimezoea chuma cha kupanda kwa ngazi, na hiki kilikuwa chombo cha kuzungukwa kwa hatua chache. Kioo chake kilikuwa na vumbi. Mimi, mtoto wa gereji, nikatoa kitambaa mfukoni. Desire akanizuia mkono hewani.

"Apana, Mama Zaituni. Vumbi inaiba mwanga kidogo. Kitambaa itauiba milele."

Basi nikajifunza kuvumilia vumbi. Kioo cha darubini hupulizwa hewa kavu tu, na huoshwa mara chache sana, kwa maji safi na pamba isiyokandamizwa. Nikajifunza pia kwamba mjusi anapenda kulala kwenye injini inayozungusha darubini kwa sababu ina joto, na kwamba mabati ya mji yakishapata jua la adhuhuri hewa inachemka, na mwanga wa satelaiti unafika ukicheza kama unaopita juu ya jiko. Asubuhi ndiyo saa yetu njema. Na wakati wa kiangazi, milima inapochomwa moto, msijidanganye kwamba anga ni safi kwa sababu tu hakuna wingu. Vuteni pumzi kwanza. Mkisikia moshi puani, mwanga nao umeusikia.

Jirani yetu wa karibu, Mama Goreti, mjane wa mkubwa mmoja wa zamani, alituma mlinzi wake mara nyingi kuuliza kwa nini tunachungulia bwawa lake la kuogelea. Nilimwalika mwenyewe aje. Akaweka jicho kwenye darubini ndogo ya pembeni, akajaribu kuielekeza nyumbani kwake, akakuta haishuki kiasi hicho. Nadhani alisikitika kidogo. Tangu siku hiyo alikuwa akituletea maparachichi.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu kisa ninachotaka kukisimulia hakieleweki bila hiyo. Satelaiti hii mpya haikusimama. Ilikuwa ndogo, ikizunguka karibu na dunia na kupita juu yetu kutoka upeo hadi upeo kwa dakika chache, na kupita huko tulikuita pasaji. Ilibeba picha za ziwa, mito na mabonde. Kwa redio, picha hizo zilishuka kidogo kidogo, nyingine zikifika zimeshapitwa na wakati. Kwa mwanga wa leza, zote zilishuka katika pasaji moja. Tatizo ni kwamba mwali wa leza ni mwembamba. Kuupokea ni kama kutia uzi kwenye sindano iliyoshikwa na mtu wa baiskeli anayeteremka kutoka milima ya Bugarama bila breki.

Ili satelaiti ijue tulipo, sisi tulianza kuipelekea mwali wetu, tuliouita mwanga wa mwito. Ikiuona, inatuelekezea wake. Mwanga wa mwito hauonekani kwa jicho la binadamu, na hapo ndipo penye hatari. Mtu akimulikwa na jua hufumba macho, lakini kwa mwanga huu jicho halina habari. Halipepesi wala haliumi. Mtu anaweza kuunguzwa ndani ya jicho na kwenda zake akizungumza habari za mpira. Kwa sababu hiyo tulikuwa na mtambo unaosikiliza ishara za ndege na kuzima mwali ndege ikikaribia, tulikuwa na simu ya mnara wa uwanja wa ndege, na tulikuwa na kiti cha nje. Hakuna pasaji iliyoruhusiwa bila mtu kukaa kwenye kiti hicho, akitazama anga, mkono ukiwa juu ya kitufe chekundu cha kuzima mwali na kufunga kuba. Sheria hiyo aliiweka Desire mwenyewe. Wengi waliona ni kazi ya kumpa mtu asiye na kazi.

Miaka ile ziwa lilikuwa limepanda. Maji yaliingia kwenye maghala karibu na bandari na katika nyumba za watu wa kando ya ziwa, na waliokuwa wakihangaika kuwahamisha walihitaji picha ya leo, si ya juma lililopita. Shirika lililotujenga likataka kujua kama kituo kinaweza kweli kuwapa picha hizo, au wakihamishie mahali penye mawingu machache. Wakatuma wageni waje kuona kwa macho yao. Wakaja msimu wa mvua. Sijui ni nani aliyewapangia safari, lakini hakuwa rafiki yetu.

Siku baada ya siku wageni walipanda Kiriri kwa gari, wakatazama mawingu, wakashuka. Kiongozi wao, mama mmoja mtu mzima aliyesema Kifaransa cha taratibu, aliuliza maswali mazuri na kuandika majibu yetu mafupi. Desire alikonda. Asubuhi ya mwisho, ndege yao ikiwa ya jioni, niliamka nikakuta ziwa limefunikwa na dhoruba upande wa kusini, lakini juu ya mji anga limefunguka, la buluu, limeoshwa. Pasaji nzuri ilikuwa kabla ya saa sita.

Mwenzetu wa zamu ya kiti cha nje alikuwa na malaria. Desire alitaka niwe ndani niwaeleze wageni mitambo.

"Weka mutu mwingine inje," akaniambia. "Wewe njo unajua kusema nao."

"Wote wanataka kuwa ndani leo," nikamjibu. "Akili yao itakuwa kwa ekrani. Acha mi nikae inje. Mitambo uwaeleze wewe."

Akafikiri, akakubali. Nikajifunga kitambaa kichwani kwa sababu ya jua, nikakaa, nikashika kitufe. Nyuma yangu kuba ikafunguka. Mnara ulikuwa umetuambia anga ni tupu. Kupitia dirishani nilimsikia Desire akihesabu kwa sauti kavu, kisha akasema, "Imetuona," na mara wageni wakaanza kupiga makofi. Picha zilikuwa zinashuka. Baada ya juma lile lote, zilikuwa zinashuka. Nilitabasamu peke yangu kama mjinga.

Ndipo nikasikia mlio wa injini.

Ulitoka nyuma ya kilima, upande ambao ndege hazipiti. Niligeuza kichwa, na katika kugeuka huko ndege ndogo nyeupe ikatokea ukingoni mwa wingu, chini kuliko inavyotakiwa, ikikata anga kuelekea pale darubini ilipokuwa ikitazama. Nikabonyeza.

Makofi yakakatika. Kuba ikaanza kujifunga kwa mlio ule wake wa kulalamika. Ndege ikapita juu yetu, kubwa ghafla, nikaona hadi magurudumu yake, ikateremka kuelekea uwanjani. Desire akatoka mbio.

"Nani amekata?"

"Ni mi, Injinia."

"Juu ya nini?"

Nikanyoosha kidole. Ndege ilikuwa bado inaonekana, sasa ndogo, juu ya mji.

"Kwa ekrani hakuna ndege," akasema.

"Najua. Kwa macho yangu iko."

Aliitazama mpaka ikashuka nyuma ya miti. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeng'olewa jino. Kisha akasema polepole, "Umefanya vile inapaswa kufanywa, Mama Zaituni." Akarudi ndani kuwaambia wageni kwamba pasaji imekwisha, na kwamba picha zimefika nusu.

Pasaji ya alasiri ilizibwa na mawingu. Yule mama kiongozi alinishika mkono wakati wa kuagana, akasema asante, neno ambalo halikuniambia kitu. Walipoondoka, tulikaa kimya hata Mama Goreti akatuma mtu kuuliza kama kuna msiba.

Habari zikaja kutoka mnarani. Ndege ilikuwa ikitoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na dawa na abiria wachache. Ilikutana na dhoruba juu ya ziwa, umeme wake ukaharibika, redio ikanyamaza, na kile kifaa kinachotangaza mahali ilipo kikazimika. Rubani akazunguka nyuma ya milima kukwepa mvua na kutafuta uwanja kwa macho. Macho hayohayo. Mtambo wetu haukuisikia kwa sababu haikuwa inasema kitu.

Desire akafanya mahesabu. Akaniambia kwamba kwa umbali ule, na jinsi ndege ilivyokuwa imeelekea, yawezekana mwali haukuigusa kabisa, na kama uliigusa ni kwa kufumba na kufumbua. Nikamuuliza kama ana hakika. Desire hakuwa mtu wa kusema uongo. "Hakika sina," akasema. "Rubani asiruhusiwe kurusha ndege mpaka daktari wa macho amuone." Mashine ya kutazama ndani ya jicho, mjini, ilikuwa imeharibika ikisubiri kipuri. Rubani, aliyeitwa Kapteni Bahati, akaambiwa akae chini hadi itengenezwe.

Nilimpigia simu kumwomba radhi. Alikuwa amekasirika, kwa adabu.

"Madamu, mi sikuona mwanga yoyote. Macho yangu haina shida. Munaniweka chini juu ya kitu hakuna mutu ameona."

"Haionekani, Kapteni. Njo maana tunaogopa."

"Sasa nitaogopa je kitu sijaona?" akasema, na simu ikakatika. Sijui kama ni yeye aliyekata au ni mtandao. Nilipendelea kuamini ni mtandao.

Siku zile zilikuwa nzito. Nilikuwa nikifanya kazi zangu, nikipuliza vumbi, nikifukuza mijusi, lakini moyoni nilikuwa napima ule muda kati ya mlio na kidole. Ijumaa moja nikateremka Buyenzi kumwona Mzee Anselimu. Mguu wake ulikuwa umevimba, ameuweka juu ya kigoda, na mezani mbele yake kulikuwa na redio iliyofunguliwa tumbo. Nikamsimulia yote. Hakunipa pole. Alinihoji, kama nilipokuwa mwanafunzi wake.

"Ulisikia kwanza, ao uliona kwanza?"

"Nilisikia."

"Na uligeuka saa ile ile?"

"Saa ile ile."

"Mukono ulikuwa wapi?"

"Juu ya kitufe, Mzee. Haukutoka."

Akachukua chuma cha kulehemu, akagusisha waya, akapuliza moshi. "Basi mukono ulikuwa mahali yake. Yenye kubakia ni ya Mungu na ya daktari. Nishikie hii waya." Nikaishika. Nilikaa pale mpaka redio ikaanza kutoa matangazo ya vifo, ambayo yeye aliyasikiliza kwa makini ili ajue nani hatamlipa. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi.

Barua ya shirika ikaja kabla ya kipuri cha mashine ya macho. Desire aliisoma amesimama, kisha akaketi, akaisoma tena kwa sauti. Walikuwa wamezipitia zile picha nusu. Zilikuwa safi kuliko walivyotegemea, na watu wa uokoaji walikuwa wameshazitumia kujua ni wapi mto utamwaga maji yake. Kituo kinabaki. Wataongeza mtambo mwingine wa kuzitafuta ndege, usiotegemea ndege kusema, na wanaomba kiti cha nje kisiondolewe. Hawakuandika habari zangu, na sikuona sababu ya kuandikwa. Wenzangu waliimba. Mmoja alimnywesha Desire chai, naye akainywa yote bila kujua. Mimi nilifurahi, sitasema uongo. Tulikuwa tumeogopa kutawanyika. Lakini ilikuwa furaha ya mtu ambaye mgonjwa wake bado yuko hospitali.

Asubuhi chache baadaye tulipata pasaji nzima, ya kwanza kamili. Picha ya ziwa ilifunguka kwenye skrini kutoka juu hadi chini, bandari, mdomo wa mto, mashamba yaliyokaliwa na maji, hata mashua za mizigo zikionekana kama punje za mchele. Desire akapiga simu mara moja kwa waliokuwa wakiisubiri, akiwatajia mtaa baada ya mtaa. Mimi nilikuwa nje, kwenye kiti, nikimsikiliza kwa mgongo.

Kisha siku moja asubuhi mlinzi wa geti akaniita. Alikuwa amesimama na mtu mrefu, mwenye shati jeupe na miwani ya jua aliyoivua aliponiona. Nikajua kabla hajasema.

"Ni weye Mama Zaituni?"

"Ni mimi. Karibu, Kapteni."

Alitazama kuba, akatazama anga, akatazama kiti. "Ni hapa njo ulikuwa unaikala?"

"Hapo."

Akaenda akakikalia. Akageuza kichwa kuelekea kilima alikotokea siku ile. "Ni karibu sana," akasema. "Kule juu sikufikiri ni karibu hivi. Nilikuwa natafuta uwanja tu. Nyuma nilikuwa na mama mwenye mimba, anasali kwa nguvu kushinda injini."

Nikamwingiza ndani, nikachemsha maji. Nikamwaga majani ya chai mezani. Nilitaka kumuuliza na nikaogopa kumuuliza. Nikamkaribisha sukari mara mbili. Mwishowe nikasema, nikiwa nimempa kisogo, "Na daktari amesema nini?"

"Mashine wameitengeneza juzi. Ameniangalia ndani, jicho moja, halafu lingine, kwa mwangaza ule mubaya wao." Akanywa chai, naye hakujua alichokuwa akinifanyia. "Amesema hakuna alama. Hata moja. Kesho naruka."

Nikasema alhamdulillahi, nikashika ukingo wa meza. Alisimama akanisogezea kiti. Kisha akaanza kucheka, si kwa kunidharau.

"Mama, bado unaogopa. Weka pakiti yako ya chai kule mbali, kwa dirisha."

Nikaiweka kule dirishani, mwisho kabisa wa chumba. Akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango, akafunika jicho la kushoto kwa kiganja kama mwanafunzi wa shule, na kuanza kusoma yale maandishi madogo ya chini, yale ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuyasoma hata nikiwa na miwani.

"Hifadhi mahali pakavu," akasoma. "Mbali na jua. Funga vizuri kila ukishatumia."

Nikamwomba asome tena, kwa jicho lile lingine.